Sapu ya Binti Yangu na Ghala la Mtandaoni

Shule niliiacha darasa la saba, kijijini kwetu Kinole, na sikuiacha kwa ubaya. Niliona ndizi zinaoza mlimani huku watu wa mjini wanazitafuta, nikajiuliza mwalimu ananifundisha nini kinachozidi hapo. Nikashuka na mkungu mmoja kichwani. Leo nina duka la viungo karibu na stendi ya Msamvu, nina fuso mbili, na mtu akipita nje ya duka langu baada ya mavuno anajua kwa pua tu kwamba amefika kwangu. Iliki yenye harufu ile Morogoro nzima ni mimi peke yangu niliye nayo. Sisemi kwa kujisifu, waulize wapishi wa pilau.

Ninayoyaandika hapa ni ya ile likizo ndefu binti yangu alipotoka chuoni na sapu. Sapu ndivyo wanachuo wanavyouita mtihani wa marudio. Alikuwa mwaka wa pili wa stashahada ya kompyuta, na masomo yote alikuwa amefaulu isipokuwa moja, misingi ya kompyuta za wingu. Akianguka na kwenye sapu, anarudia mwaka mzima.

Kurudia mwaka kungekuwa jambo la kawaida kama si shemeji yangu. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba unalisha, unasomesha, unanunua laptopu, lakini mjomba akikohoa inabidi utulie umsikilize. Kaka wa mke wangu anakaa Matombo, ana shamba la ukoo la mdalasini na vanila, na siku nyingi alikuwa anatafuta kijana wa ukoo mwenye akili wa kulisimamia. Aliposikia habari ya sapu alishuka na gari la asubuhi, akanywa chai, akala mihogo, kisha akasema bila kupandisha sauti:

"Shemeji, akifaulu, asome. Akifeli, hakuna kurudia. Namchukua. Miaka miwili ya kukaa kwenye kiti inamtosha mtu."

Mke wangu akanitazama mimi. Binti akautazama mkeka. Nami nikajisikia nikisema, "Hafeli. Nitamfundisha mwenyewe."

Binti akaweka kikombe chini taratibu. "Utanifundisha nini, baba?"

"Hilo hilo wingu."

"Kwani unalijua?"

"Bado. Hata iliki sikuzaliwa nikiijua."

Shemeji akacheka mpaka akapaliwa na muhogo. Mimi sikucheka. Niseme tu mapema kwamba utani wa mawingu ya Uluguru na kompyuta kila mteja wangu ameshaniletea, kwa hiyo msomaji usijisumbue.

Tulianza kesho yake, dukani, saa mbili asubuhi, kabla wateja hawajashamiri. Yeye alikaa kwenye kiti changu, mimi nikakaa juu ya gunia la pilipili manga. Akafungua daftari akanisomea maana ya somo lenyewe, kwa sauti ya mtoto wa madrasa aliyeshika sura yake barabara: kwamba ni utoaji wa rasilimali za kompyuta kupitia mtandao, kwa kadiri ya mahitaji, na kadhalika na kadhalika. Hakukosea hata nukta.

"Vizuri," nikasema. "Sasa hiyo kompyuta iko wapi?"

"Huko kwa mtoa huduma."

"Huko wapi?"

"Baba, hilo haliulizwi kwenye mtihani."

"Mimi nauliza. Nikinunua karafuu bila kujua zimetoka wapi nitauziwa vijiti."

Akafikiri. Nikaona kabisa kwamba hajui. Maneno alikuwa nayo yote, yamepangwa kama chupa kwenye rafu, ila ndani ya chupa hamna kitu. Mwishowe akaniambia kuna majumba makubwa nchi za watu yamejaa kompyuta zisizozimwa, yana umeme wake na baridi yake na walinzi wake, na mtu wa Morogoro anaweza kutumia kipande cha kompyuta hizo kwa saa mbili akaondoka.

"Anakodi," nikasema.

"Anakodi."

"Sasa mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?"

Ndivyo tulivyokwenda wiki ya kwanza. Yeye anasoma, mimi nauliza maswali ya mtu ambaye hajasoma, yeye anakasirika, halafu anaanza kueleza, na katikati ya kueleza anashtuka kwamba kumbe anaelewa. Nilimwambia hiyo ni mbinu yangu ya ualimu. Akanijibu, "Mbinu ya kutojua, baba." Nikasema mbinu ni mbinu.

Siku moja tulifika kwenye zile faida na hasara, akakwama kwenye hasara. Nikamwambia, "Mama, sikia." Namwita mama kwa sababu ana jina la mama yangu. "Kule mlimani ardhi ni ya ukoo. Mimi wa ukoo mwingine nikitaka kulima naenda kwa mkubwa wao, naomba kipande, napewa. Nikivuna nampelekea ngoto, kile kitu kidogo cha kukiri kwamba ardhi si yangu. Msimu huu nikitaka kipande kikubwa, naongezewa. Msimu ujao nikitaka kidogo, narudisha. Sikununua ardhi wala sikufyeka pori. Ni hayo au si hayo?"

"Ni hayo. Huko kuongeza na kupunguza ndiyo tunaita unyumbufu."

"Uiteni mnavyotaka. Sasa nijibu. Kwenye shamba la kuazima huruhusiwi kupanda nini?"

Hilo alilijua, bibi yake wa Matombo alimfundisha. "Miti. Unapanda mahindi, unapanda maharage, lakini mti hupandi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mti ukikomaa utasema ni wako, na ardhi chini yake itakuwa na maneno."

"Hiyo ni shida ya mwenye ardhi. Na shida yako wewe uliyepanda?"

Nje mtu alikuwa anapiga honi, akapiga tena akaondoka. "Siwezi kuhama," akasema. "Mti hauhamishiki." Akaanza kupekua daftari haraka haraka mpaka akafika kwenye ukurasa wenye mistari mitano aliyoichora kwa kalamu nyekundu, habari ya mteja anayejenga mambo yake yote kwa kutumia vitu vya mtoa huduma mmoja mpaka anashindwa kutoka. Alikuwa ameikariri yote mitano na kwenye mtihani wa kwanza aliipanga vibaya.

"Ndiyo hii, baba."

"Najua ndiyo hiyo."

"Hukujua."

"Nimejua sasa hivi, kabla yako kidogo."

"Kwa hiyo kwenye sapu niandike ngoto?"

"Andika."

"Kwa Kiingereza?"

"Hapo utajijua mwenyewe. Mimi nimeshafundisha."

Siku hiyo nilifunga duka mapema nikaenda kumwambia mke wangu kwamba kama ningepelekwa sekondari nchi hii ingekuwa na profesa mwingine. Akaniambia nikitoka kuwa profesa nimletee chumvi.

Kosa langu, na nalisema waziwazi kwa sababu nina mafanikio ya kutosha kulifunika, lilianzia kwenye sura ya ulinzi. Binti alinisomea kwamba kwenye mambo haya majukumu yanagawanywa. Mwenye majumba analinda jengo, umeme na mashine. Mteja anatakiwa kuangalia mwenyewe nani anaingia kwenye vitu vyake, nani anaona tu na nani anaruhusiwa kugusa. Ilikuwa sura ndefu, na kulikuwa na mteja amesimama mlangoni.

"Ruka hiyo," nikamwambia.

"Nirukeje?"

"Hiyo haihitaji kusomewa. Mimi nikienda msikitini namwambia jirani niangalizie, nikirudi nakuta ameniuzia na hela ameweka chini ya mzani. Miaka yote sijaibiwa hata punje. Ruka tuende kwenye mambo magumu."

Akasita kidogo, akafunua ukurasa.

Jirani mwenyewe anauza asali. Ni Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo ni mtani wangu, na utani wetu tunauheshimu kuliko leseni za biashara. Yeye anaingia dukani kwangu anachota karafuu ya ngumi anaondoka, nami sina haki ya kununa. Mimi namwambia mteja wake, mbele yake, kwamba asali ile ni sukari guru iliyochemshwa, naye hana haki ya kununa. Akifiwa, mimi ndiye ninayekwenda kulala kwenye kitanda cha marehemu nikidai nyama. Mtu wa namna hiyo humfichi kitu.

Mhadhiri alikuwa ametoa kazi ya vitendo. Kila mwenye sapu ajenge, kwenye akaunti ya majaribio ya wanafunzi, ghala la mtandaoni la kuhifadhia mafaili na ukurasa mdogo wa biashara yoyote. Jumatatu saa mbili asubuhi yeye angefungua kazi ya kila mmoja kwenye kompyuta yake, aikute imesimama, ndipo mtu aingie kwenye maswali. Kazi isipokuwepo, maswali hayapo.

Binti alijenga duka langu. Wiki nzima alipiga picha za iliki, mdalasini na pilipili manga, akaandika kila kiungo kinatoka kijiji gani na kinavunwa lini. Ulikuwa ukurasa mzuri, mweupe, na juu kabisa aliweka milima. Nilidai nywila, nikamwambia kwamba katika duka langu hakuna mlango nisio na ufunguo wake. Akanipa, akasema nisiguse kitu.

Jumamosi yeye na mama yake walipanda Matombo kwenye arobaini ya bibi mmoja wa ukoo wao, walale huko warudi Jumapili. Mimi nikabaki dukani, na mtani akaja kuchota karafuu kama kawaida yake. Nikamfungulia laptopu. Ungekuwa wewe ungeweza kukaa na kitu kile bila kukionyesha?

Akatazama sana. "Kizuri," akasema. "Ila kiko kwenye mashine yako tu. Kwenye simu yangu hakipo."

"Kipo dunia nzima."

"Nionyeshe kwenye simu yangu."

Kumbe binti alikuwa bado hajaufungua ukurasa kwa umma, alikuwa anangoja Jumatatu. Sikujua pa kuufungulia. Kwa hiyo nikafanya lile nililolijua. Nikachukua simu ya mtani, nikaandika jina na nywila, nikamwingiza ndani kwa mlango wetu wenyewe. Akafurahi. Wakati huohuo nikapigiwa kwamba basi la Dodoma linaondoka na magunia yangu bado yako chini. Nikatoka mbio kwenda stendi, na mlangoni nikamwambia, kwa mazoea ya miaka, "Mtani, niangalizie."

Akaniangalizia. Alifanya kama anavyofanya mtani yeyote akiachiwa nyumba. Aliitoa picha ya iliki akaweka picha ya ndoo yake ya asali. Hapo utani ungeishia tukacheka. Lakini mkewe, aliyekuwa naye, akamwambia amezidisha, mtoto wa watu ana mtihani, arudishe alivyokuta. Akajaribu kurudisha. Kila alipobonyeza, kitu kingine kikatoweka. Akaulizwa kwa Kiingereza kama ana hakika, akabonyeza ndiyo, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba anataka kurudisha. Ghala lote likafutika.

Niliporudi alikuwa amekaa dukani kwangu na hajachota kitu. Hapo tu nikajua kuna jambo.

Binti alifika Jumapili adhuhuri, vumbi la barabara ya Matombo mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini aliona uso wangu akafungua laptopu kwanza. Nilitegemea kilio. Alikaa juu ya gunia lile lile la pilipili manga, akatazama pale palipokuwa na duka.

"Nani ana nywila?" akauliza.

"Mimi na wewe."

"Na nani?"

"Na mtani."

"Na nani tena?"

"Mkewe alikuwepo. Lakini hakugusa, yeye alishauri."

Akafumba macho. Nikamuuliza kuhusu ile nakala ya akiba, maana hiyo niliikumbuka kutoka wiki ya pili, kwamba ghala likiwekewa nakala linaweza kurudi hata likifutwa.

"Ipo ukurasa wa kumi na nne," akasema.

"Na kwenye ghala?"

"Sikuiwasha, baba. Niliikariri tu."

Nimewahi kupoteza fuso nzima ya ndizi kwenye maporomoko ya Kinole, dereva akatoka mzima, nikarudi nyumbani nikala ugali. Siku ile ya Jumapili nilishindwa kumeza hata maji. Nilikuwa namwona shemeji anakunja mkeka wa mtoto wangu. Hata maneno yake niliyasikia, na kibaya zaidi, niliyaona yana haki. Binti angefeli kwa sababu ya mdomo wangu, na mimi ningeendelea kuuza iliki kama kawaida.

Nikamwambia nitakwenda kwa mhadhiri, nitamweleza kosa ni langu.

"Utamwambia nini? Kwamba jirani alikuwa anakutania?"

"Ni kweli alikuwa ananitania."

"Kaa, baba." Akavuta kiti. "Picha ziko kwenye simu yangu. Nijenge upya. Wewe niulize maswali yako."

"Maswali gani?"

"Yale yale ya kutojua. Na ile sura tuliyoiruka, anzia hapo."

Basi nikauliza. Nikauliza kwa nini kila mtu awe na jina lake la kuingilia, akanijibu huku vidole vinakwenda. Nikauliza kama mtu akiruhusiwa kuona ndiyo ameruhusiwa kugusa, akasema hayo ni mambo mawili na akanionyesha yanapotenganishwa. Nikauliza nani wa kulaumiwa ghala likifutwa, akasema, "Nyamaza kidogo, baba," ndipo nikajua amelijua jibu. Alasiri ilipoadhiniwa ghala lilikuwa limesimama. Safari hii aliwasha nakala za akiba kabla ya kuweka picha hata moja. Daftari hakulifungua kabisa.

Alipofika kwenye ruhusa akanitengenezea jina langu mwenyewe. Nikaingia nalo, nikajaribu kusogeza picha ya milima kidogo upande wa kulia, ikagoma.

"Hii mbona haisogei?"

"Wewe unaona tu."

"Mimi? Mwenye duka?"

"Mwenye duka la nje. Humu unaona tu."

Wakati huo mtani aliingia na galoni ya asali, ile ya kwake nzuri anayowawekea wateja wake Waarabu, akaiweka miguuni kwa binti. "Mwanangu, nimevuka mpaka," akasema.

"Mtani hana mpaka," nikamjibu, mdomo tu umezoea.

Binti hakuinua kichwa. "Kuanzia leo anao," akasema. Mtani akaniangalia, nikamwangalia.

Jumatatu nilimpeleka mwenyewe chuoni, nikakaa kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani, kati ya vijana waliokuwa wanasoma midomo ikicheza. Kijana mmoja akaniuliza kama na mimi nina sapu. Nikamwambia mimi ni mwalimu. Akasimama akanipisha kivuli.

Binti aliingia saa tatu na nusu. Alikaa mno. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kunawa uso, na nyuma yake akatoka mhadhiri, kijana mwembamba ambaye ningeweza kumzaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wewe ndiye uliyempa jirani nywila?"

"Amekuambia?"

"Nilimuuliza swali la kitabuni. Data za mteja zikifutwa, kosa la mtoa huduma au la mteja? Akasema la mteja. Nikamtaka atoe mfano." Akakuna kidevu. "Mfano umechukua dakika kumi."

"Na umeeleweka?"

"Habari za maksi siwezi kukuambia, mzee wangu. Ila hiyo asali ni ya Tabora kweli?"

Nikamwambia ni sukari guru. Utani ni utani hata mwenyewe asipokuwepo.

Matokeo yalitoka baada ya wiki tatu, na shemeji alikuwa ameshuka siku hiyo hiyo, nadhani alipigiwa na dada yake. Alikaa sebuleni, kofia kwenye goti. Binti alishika simu, mtandao ukazunguka, ukazunguka tena, kisha akasoma: "C."

Shemeji akanigeukia. "C ni ya ngapi?"

"Ya tatu," nikasema. "Lakini kwenye sapu hawatoi zaidi ya hiyo. Hata ungekuwa umeandika mtihani vizuri kuliko aliyeutunga, unapewa C. Kwa hiyo hii ndiyo C ya juu kabisa."

"Kweli hilo?" akamuuliza binti, kwa sababu mimi ananijua.

"Kweli, mjomba. Hilo ni la kweli."

Shemeji akaizungusha kofia gotini. Nilijua anafikiria shamba, vanila inayotaka kuchavushwa ua kwa ua kila asubuhi, na magoti yake ambayo hayapandi tena kama zamani. Sikuwa na raha niliyoitegemea. Alikuwa anapoteza kitu, na alikuwa ametoa neno lake bila kulazimishwa na mtu.

"Basi asome," akasema. Akavaa kofia. "Mimi nitatafuta kijana wa kuazima."

Binti akabeba mfuko wa mjomba wake kumsindikiza kwenye gari. Wakapita chini ya dirisha, nikamsikia shemeji anauliza imebaki miaka mingapi.

"Mmoja, mjomba."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu, baba akiniacha nisome mwenyewe."